Unga Ambao Sikuuonja

Misigiri, Jumamosi, saa nane mchana

Tabitha mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua: asubuhi umemaliza bakuli zima la viazi huku ukilalamika kwamba mawazo ya safari yamekuondolea hamu ya kula. Ya kwangu nitakueleza humu, taratibu, maana ndiyo iliyonikalisha chini na daftari lako la kidato cha nne lililobaki kurasa tupu nyuma.

Umepanda bodaboda kwenda bondeni kumuaga Bibi, na utarudi jioni. Unga wa chapati za safari nimeshaukanda, nimeufunika kwa kitambaa, umelala kwenye beseni. Unahitaji kupumzika, na mimi kwa mara ya kwanza wiki hii sina cha kufanya kwa mikono. Nimeona niandike, kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia au nitaanza kukugombeza. Yote mawili unayajua dawa yake. Utanikumbatia, utasema "basi mama, basi", na mimi nitanyamaza. Leo sitaki kunyamazishwa.

Habari za kufunga begi, kushika simu vizuri kwenye basi, kutowajibu watu wa stendi Arusha, kusali, kuwasikiliza walimu, hayo yote umeambiwa na baba yako, na shangazi zako, na mama mchungaji, na hata yule dereva wa lori anayekunywa chai kwangu, ambaye hakuna aliyemuuliza. Mimi siongezi neno hapo. Nina jambo moja tu. Wanaolijua duniani ni watu wawili, mimi na Bibi yako, na sisi wawili hatujawahi kulizungumza.

Jumanne ulikaa nyuma ya nyumba ukiongea na simu na yule mwenzako mtakayekaa naye chumba kimoja huko chuoni. Sikuwa nimejificha, nilikuwa naanua nguo. Nikakusikia unasema, "Nitabeba chapati za mama, hizo utazipenda. Ile mikate ya uwele ya Bibi siibebi ng'o, waje waniite mshamba siku ya kwanza?" Ukacheka. Mwenzako naye bila shaka alicheka.

Ulidhani sikusikia kwa sababu sikusema kitu. Nilisikia vizuri sana. Sikukugombeza kwa sababu sauti niliyoisikia niliitambua, ilikuwa yangu mwenyewe ya miaka kumi na tisa iliyopita. Nimekaa nayo siku nne. Naona nikikuacha uondoke bila kukueleza, nitakuwa nimekufungia begi na kosa langu ndani yake.

Sasa sikiliza.

Unajua kwamba nikiwa msichana nilifanya kazi za ndani Singida mjini, kwenye nyumba ya familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Nimekusimulia habari za bibi wa nyumba ile, Bibi Jamna, jinsi alivyokuwa akinifokea nikiacha mlango wa stoo wazi. Sijakusimulia siku ya kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka bondeni, na moyoni nilijiambia kwamba uwele nimeuaga. Mjini nitakula wali. Mjini nitakula mikate ya dukani. Bibi Jamna akanikaribisha, akanionyesha pa kuweka kifurushi changu, kisha akaniletea ungo. Ndani ya ungo kulikuwa na uwele, nichambue mawe.

Nilikaa na ule ungo mapajani nikalia machozi ya kweli. Akaja akanisimamia. "Wewe lia nini?" akaniuliza kwa Kiswahili chake. "Hii chakula ya nguvu. Mimi kula hii toka toto."

Nilidhani ananitania. Lakini mchana ule nilimwona kwa macho yangu. Alichukua unga kiganja kimoja tu, akautia chumvi na maji ya moto, akausukuma kwa kisigino cha mkono kwenye sinia, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka ukaacha kuvunjika ukawa laini. Hakutumia kibao wala mti wa kusukumia. Aliupiga kati ya viganja viwili huku akiuzungusha, pa-pa-pa, na mimi nikiona donge linageuka kuwa duara mikononi mwake kwa sauti tu. Akaulaza kwenye kikaango cha udongo, kikavu, bila tone la mafuta. Ukaumuka kidogo, ukapata madoa. Akaupaka samli juu, akaweka kipande cha sukari guru pembeni, na wenye duka, watu waliokuwa na gari, wakakaa chini wakala uwele uleule ambao sisi tulikuwa tunauficha mgeni akipiga hodi.

Wao waliuita rotlo. Mimi niliuita mkate wa uwele, na Bibi Jamna hakukataa. Ilinichukua miezi mitatu kuujua. Unga wa ngano unakusamehe, mwanangu. Unavutika, ukikosea unaukunja unaanza upya. Uwele hauna huruma hiyo. Ukikanda kidogo unapasuka, ukitia maji mengi unabaki mkononi, ukikanda donge la pili wakati la kwanza bado halijaiva, la pili limeshakauka. Unakanda mmoja, unachoma mmoja. Na unga wenyewe haungoji. Ukisagwa leo uliwe leo au kesho, ukikaa siku nyingi unakuwa mchungu. Shika hilo la mwisho, ndilo litakalonishtaki mbele.

Nilikaa pale miaka miwili. Niliondoka mama yangu, yaani Bibi yako, alipovunjika mguu wakati wa mavuno na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpikia. Bibi Jamna alifunga kile kikaango cha udongo kwenye kanga kuukuu, akaniwekea mikononi, akarudi ndani.

Mama alikuwa amekaa mkekani mguu umefungwa vijiti, ana hasira na kila mtu. Mwanamke wa kulima heka nzima, amekaa anatazama kuku. Hakuweza kusimama kusonga ugali. Nikamwambia, "Mama, iko kazi ya kukaa." Nikamwonyesha. Alinitazama kwa dharau mikate miwili ya kwanza. Wa tatu akaninyang'anya donge. Wiki iliyofuata alikuwa amenishinda, na si kwa kidogo. Alianza kusaga mwenyewe kwenye jiwe, amekaa vilevile, kiasi cha siku tu. Majirani wakaja kuonja wakaanza kuja na uwele wao. Walikula mkate na nsansa, ile mboga yetu ya majani makavu, iliyochemshwa na karanga, wakala na maziwa mgando, na msimu wa asali wakala na asali mpaka watoto wakalala na mikono inanata. Mguu ulipopona hakuacha. Pale bondeni ukisema mkate wa uwele watu wanajua ni wa mama Raheli, ndivyo wanavyomwita Bibi yako, na kikaango anachopikia mpaka leo, kile chenye ufa uliozibwa kwa udongo, ndicho cha Bibi Jamna. Wewe na binamu zako mmelelewa likizo zote kwa kikaango hicho.

Kwa hiyo unaona. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mkate ule niliubeba mwenyewe kutoka jiko moja hadi jingine. Ndiyo maana nilichofanya baadaye sijapata jina lake.

Niliolewa na baba yako, tukahamia hapa Misigiri, nikaanza kupika chapati njia panda. Hiyo hadithi unaijua, umekulia ndani yake. Madereva wanataka kitu cha kushika mkononi kabla ya kushuka mlima Sekenke, na chapati ya ngano iliyopakwa mafuta ya alizeti ya hapahapa inanukia hadi barabarani. Wakaniita Mama Chapati kabla hata sijawa mama wa mtu. Nilijiona nimefika. Nilivaa aproni. Nikaanza kusema "sisi wa barabarani" na "wao wa bondeni", na waliokuwa wa bondeni ni mama yangu.

Ukazaliwa wewe. Siku ya ubatizo wako tulialika watu. Shangazi yako Grace alikuja kutoka mjini na wenzake wa ofisini watatu, wamevaa vizuri, na tangu asubuhi nilikuwa naona nyumba yangu kwa macho yao. Niliona ukuta usiopakwa rangi. Niliona kuku wanaingia sebuleni. Wanawake walikuwa jikoni wanasukuma chapati, beseni mbili za unga, na mimi nimekubeba wewe nikiamuru kama mkuu wa wilaya.

Mama akafika. Alikuwa ameamka alfajiri akasaga, akaubeba unga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akapanda mlima sehemu kwa mguu na sehemu kwa baiskeli ya mtu. Kikaango chake cha udongo alikishika mkononi. Vumbi lilimfika magotini. Alisalimiwa, watu wakamwambia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha kubwa, akaja moja kwa moja jikoni.

"Mjukuu wangu hawezi kubatizwa watu wakala ngano tupu," akasema. "Nipisheni mafiga matatu. Nianzie wapi?"

Shangazi yako alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Jamani, unga wa njaa tena leo? Si tuna chapati?" Na mmoja wa wale wageni naye akacheka.

Usimchukie shangazi yako. Alitamka neno ambalo wengi walilitamka bila kufikiri, na alishalisahau siku ileile. Angejibiwa vizuri angekaa akala mikate minne. Aliyekuwa na la kujibu ni mimi, na mimi niliona aibu. Niliona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Nikamgeukia mama yangu, nikaugusa ule unga kwa kidole kwa juu tu, nikasema mbele ya wote, "Lakini mama, unga wenyewe mbona umekuwa mchungu?"

Sikuwa nimeuonja.

Aliusaga alfajiri ile, Tabitha. Ulikuwa bado na joto la mgongo wake. Na aliyemfundisha kwamba unga wa uwele huwa mchungu ukikaa siku nyingi ni mimi. Nilichukua kitu nilichomfundisha kwa upendo nikamfungia nacho mdomo mbele ya watu.

Mama alichovya kidole, akaweka ulimini. Akanitazama. Kisha akasema, "Haya," akaufunga unga wake mafundo mawili, akauweka pembeni pamoja na kikaango. Kanisani alikushika wewe. Alikula chapati moja ya ngano, akaisifu kwa sauti ili wageni wasikie. Saa tisa akaaga. Unga alioupandisha mlimani akaushusha vilevile mgongoni mwake.

Tangu siku ile mama yangu hajawahi kuleta unga katika nyumba hii. Analeta kuku, analeta karanga, analeta nsansa na asali na maboga ya kuvunja mgongo wa mtu wa bodaboda. Unga, hapana. Na nikienda kwake, unajua anachofanya. Wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza ukiwa darasa la tatu: "Mama, kwa nini Bibi anakupikia wewe wali peke yako?" Nyinyi watoto mmezunguka sinia la mikate ya uwele mkekani, na mimi nimewekewa stuli, sahani ya wali wa dukani na kijiko, kama afisa aliyekuja kukagua mashamba.

Nilikujibu, "Kwa sababu ananipenda." Huo ulikuwa uongo wa pili, nao nakuomba radhi.

Sitajipamba. Mara ya kwanza aliponiwekea wali nilifurahi. Nilidhani ameelewa kwamba mimi sasa ni mtu mwingine. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba ni kweli ameelewa hivyo, na kwamba mgeni ndiye anayepikiwa wali. Nikaanza kutafuta njia za pembeni. Nilimpelekea mfuko mzima wa unga wa ngano. Akanishukuru sana, Jumapili akaupeleka kanisani kwa ajili ya wazee. Nilimpelekea kanga, akaivaa, akapendeza, akaniwekea wali.

Halafu kuna siku nilipokwenda Issuna kununua kuku na baba yako. Gulioni nikamwona mama mmoja na gunia la unga wa uwele, nikanunua kibaba kimoja, nikaja nao kimyakimya. Nilitaka nijue kama mikono bado inakumbuka. Nilisubiri mtoke wote, nikakanda, nikachoma, nikakata kipande nikiwa nimesimama. Sikuweza kumeza. Ule unga ulikuwa umekaa sana, ulikuwa mchungu kwelikweli, uchungu unaoshika nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka hata kwa maji. Ndipo nilipojua neno nililomwambia mama yangu lina ladha gani. Nilikaa chini pale jikoni, mwanamke mzima, na donge mkononi. Mama hajawahi kunisagia unga wa namna ile maisha yake yote.

Ungedhani siku ile ningekimbia bondeni kumwambia. Sikwenda. Nilisema nitakwenda baada ya mavuno. Kisha baada ya mvua. Kisha nikasema mama ameshasahau, kwa nini nimkumbushe. Nimepika chapati maelfu hapa njia panda nikijiambia kwamba nina kazi nyingi. Mtu mwenye kazi nyingi anaweza kuahirisha neno moja kwa miaka kumi na tisa na kila siku akawa na sababu nzuri.

Sasa unakwenda kujifunza upishi. Watakufundisha vitu ambavyo mimi sijawahi kuvisikia, na naomba uvijue vyote, usikae nyuma darasani. Lakini najua siku moja mwalimu atazunguka akiuliza kila mmoja, kwenu mnakula nini. Wa Kilimanjaro atasema mtori, wa Bukoba atasema matoke, wa Pwani atasema vya kwao, na zamu itafika kwako. Naijua ile sekunde. Masikio yanapata moto. Ndiyo sekunde niliyoshindwa mimi, na ni fupi sana. Sikuambii la kusema. Nakuambia tu kwamba ukisema la uongo hapo, kuna mtu atakayelibeba mgongoni kulirudisha nyumbani, na huyo mtu hatakuwepo darasani.

Naacha kidogo. Unga wa ngano umeshapumzika, nikate madonge.

*

Saa kumi na moja. Umerudi.

Umeshaoga, umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimerudi kwenye daftari na mikono ina unga. Itabidi uvumilie madoa.

Uliingia na ule mzigo mgongoni, nikadhani ni maboga. Ukautua mezani, ukafungua kanga. Nikaona rangi ile ya kijivu nikajua kabla hujasema.

"Bibi amesaga leo asubuhi," ukasema. "Nimemkuta jiweni. Nikamwambia Bibi, mimi nitabeba chapati, akasema huu si wa kwako, ni wa mama yako." Kisha ukaanza kucheka. "Na Bibi naye kwa vituko! Eti nikuambie maneno hayahaya: *Mama yako aonje kwanza. Ukiwa mchungu, aumwage.* Kwani unga unaonjwa mbichi?"

Nilikugeuzia mgongo nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Ulidhani moshi umeniingia machoni, ukaniletea maji. Ahsante kwa maji.

Amekumbuka. Miaka yote hii ya wali na kijiko na stuli, alikuwa anakumbuka, na alikuwa anangoja. Nilipotaka kumwona amesahau, ilikuwa kwa raha yangu. Sijui kwa nini leo. Labda kwa sababu unaondoka na anaona hesabu ya siku zake. Labda amechoka kunipikia wali. Yeye mwenyewe ana umri ambao kusaga jiweni ni adhabu, na amesaga.

Ulipotoka nilifunga mlango. Nilichota kwa kidole, nikaweka ulimini, nikafumba macho.

Mtamu, Tabitha. Una utamu mdogo ule wa nafaka mpya, na harufu ya jiwe, na harufu ya nyumba yetu. Ndivyo ulivyokuwa na siku ile. Nimekula unga mbichi kiganja kizima nimesimama kama mtoto mwizi, na nimelia kwa sauti, na ule mti wa kusukumia nimeusukuma pembeni kabisa.

Kisha nikachemsha maji. Kikaango cha udongo sina, nikafuta mafuta kwenye kile changu cha chuma mpaka kikakauka. Nimekanda mmoja mmoja. Wa kwanza ulipasuka vipande vinne, nikaula hapohapo. Wa pili ulipasuka ukingoni tu. Wa tatu mikono ikakumbuka. Jirani akauliza kupitia dirishani nini kinanukia hivyo, nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi stendi: "Mkate wa uwele! Wa mama yangu!" Akasema nimbakizie. Nikamwambia huu una wenyewe.

Nakuwekea kwenye mfuko wa safari. Chapati za ngano ziko chini, mikate ya uwele iko juu, na nimefanya hivyo makusudi. Sikuagizi uile mbele ya watu. Umeshakuwa mtu mzima na mfuko ni wako, ukitaka kuificha utaificha, na mimi sitajua. Nakuomba kitu kimoja tu, kabla hujaikataa, uionje.

Ukihesabu utakuta sita. Usidhani mmoja umeibiwa. Ilitoka saba mizima, na wa saba nimeufunga kwenye kanga ileile uliyorudi nayo. Kesho basi likishaingia barabara ya Singida na mkono wako usionekane tena dirishani, sirudi jikoni. Njia panda itakaa siku moja bila chapati, madereva watashuka Sekenke na njaa yao, hawatakufa. Napanda bodaboda kwenda bondeni na ule mkate mgongoni. Nitamwambia mama yangu kwamba siku ile sikuonja. Nitalisema neno hilo kabla sijasalimia watu wengine, kabla sijakaa, kabla sijapata sababu nzuri.

Najua atafanya nini. Atanisikiliza mpaka mwisho, atasema "Haya," kisha atanyanyuka kwenda kutafuta mchele. Wali akiniwekea sitaugusa. Nitaisogeza ile stuli, nitakaa mkekani, na nitangoja mkate.

Nakupenda, na nimelisema hapa kwa maandishi ili usiseme sikukuambia.

Mama yako